Ghala la Masomo Nyumbani kwa Mwalimu

Kila mwaka wanachuo wetu huenda katika mazoezi ya kufundisha, na kila mwaka hurudi na mali nyingi. Hurudi na maandalio ya masomo, maazimio ya kazi, mazoezi waliyoyatunga wenyewe, picha za zana walizozitengeneza kwa udongo na kwa majani makavu ya migomba, na pengine sauti za wazee wa kijiji waliokubali kusimulia habari za zamani mbele ya watoto. Siku hizi mali hiyo haikai tena katika madaftari peke yake. Hukaa katika flashi, katika simu na katika vishikwambi. Ukiitafuta baada ya mwaka mmoja, aghalabu huikuti. Flashi imeingiwa na virusi, simu imeuzwa, kishikwambi kimefutwa ili kipate nafasi. Mwalimu mpya aliyepangwa katika shule ile ile huketi kuandaa somo la sehemu au la mzunguko wa maji kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kulifundisha katika miteremko hii ya Kilimanjaro.

Katika makala haya tunakusudia kutoa maoni yetu kuhusu dawa ya hasara hiyo. Tunaamini kwamba mwalimu wa shule ya msingi, akishirikiana na wenzake wawili au watatu, aweza kujenga nyumbani kwake ghala la masomo, yaani kompyuta moja iliyokwisha kutumika, yenye diski zake, ambayo kazi yake ni kuhifadhi na kugawa. Mafundi huiita seva. Tunaamini pia kwamba ghala hilo lapasa kuanza dogo na kukuzwa kidogo kidogo, na kwamba fedha za mjenzi zapasa kununua nakala ya pili kabla ya kununua ukubwa. Hilo la mwisho ndilo wengi hulisahau, na ndilo tunalotaka mwanachuo aondoke nalo.

Mfongo na Bwawa

Wenyeji wa Kilimanjaro hawahitaji kufundishwa maana ya kuhifadhi. Tangu zamani za mababu wamechimba mifongo, ile mifereji iletayo maji kutoka makorongo ya juu hadi vihambani. Maji ya mfongo hutumika kwa zamu, na kila mwenye zamu hana budi kushika jembe siku ya kuusafisha mfongo. Lakini maji hayalali. Usiku, watu wakiwa vitandani, mfongo huendelea kutiririka. Kwa sababu hiyo watu wamejenga mabwawa madogo ya kukinga maji ya usiku, yapate kutumika mchana. Jirani zetu wa Upare huliita bwawa la namna hiyo ndiva, na mashamba mengi yamepona ukame kwa sababu yake.

Intaneti ni mfongo. Ina manufaa makubwa, lakini huja kwa zamu. Kuna saa ambazo mtandao una nguvu na saa ambazo hauonekani kabisa; kuna siku mwalimu ana bando na siku ambazo hana. Hata nchi nzima yaweza kukosa maji ya mfongo huo. Tarehe 12 Mei, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipopata hitilafu, mawasiliano ya intaneti yalidhoofika katika nchi kadhaa za Afrika ya Mashariki, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizoathirika sana. Mwalimu aliyekuwa amepanga kusoma kitabu katika maktaba ya mtandaoni ya Taasisi ya Elimu Tanzania asubuhi iliyofuata alikuwa na bahati ikiwa alikwisha kukiweka kitabu hicho mahali pake.

Ghala la nyumbani ni bwawa. Huhitaji intaneti ili ulitumie. Kifaa kidogo cha kugawa mawasiliano bila waya, yaani ruta, huunganisha kompyuta ya ghala na vishikwambi vilivyomo chumbani, hata kama ruta yenyewe haikuunganishwa na kampuni yoyote ya simu. Na vishikwambi vipo. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Serikali iligawa kwa walimu vishikwambi vilivyotumika katika kazi hiyo. Upande mmoja wa kazi, basi, umekwisha kufanyika: vyombo vya kuchotea vipo mikononi mwa walimu. Kinachokosekana ni bwawa.

Je, Ghala liwe na Ukubwa Gani?

Swali la kwanza la kila anayetaka kujenga ni ukubwa wa diski. Yatupasa tulijibu kwa hesabu, maana hesabu huokoa fedha.

Andalio la somo lililoandikwa kwa kompyuta bila picha ni nadra kuzidi kilobaiti 100. Terabaiti moja ni kilobaiti bilioni moja. Ukigawanya, utaona kwamba diski ya terabaiti moja yaweza kuchukua maandalio milioni 10. Hakuna mwalimu atakayeishi muda wa kuandika idadi hiyo. Tuseme sasa kwamba anahifadhi picha, na kila picha ya simu ni megabaiti 3. Diski ile ile itachukua picha zaidi ya 330,000. Video ndiyo hula nafasi: saa moja ya video ya ubora wa kati yaweza kufikia gigabaiti moja, na hivyo diski hiyo itachukua takriban saa 1,000. Hata hizo ni saa nyingi.

Hesabu hiyo yaonyesha kwamba kwa mwalimu wa shule ya msingi nafasi si tatizo la miaka ya mwanzo. Tatizo ni kupotea. Mwenye fedha za kununua diski moja kubwa au diski mbili ndogo na asite hata kidogo: anunue mbili ndogo. Diski moja kubwa ikifa, hufa na vyote. Na kila diski hufa. Lisilojulikana ni siku tu.

Vifaa na Mgawanyo wa Fedha

Bei hubadilika, na anayezitaja leo atakuwa amepitwa kesho. Tunaona ni bora kutoa mgawanyo. Katika kila shilingi 10 za ujenzi, tunashauri shilingi 4 ziende kwenye diski, 3 kwenye kompyuta, 2 kwenye ulinzi wa umeme, na 1 kwenye ruta na nyaya.

Kompyuta iwe ya mezani, iliyotumika maofisini na kuuzwa kama mtumba. Kompyuta za namna hiyo hupatikana mjini Moshi, Arusha na Kariakoo. Kazi ya kuhifadhi na kugawa mafaili ni nyepesi, na mashine ya zaidi ya miaka 10 iliyopita huiweza bila taabu. Wakati wa kuchagua, usitazame mwendo wake peke yake. Fungua kasha lake uhesabu. Lina nafasi ngapi za kufungia diski? Ubao wake una tundu ngapi za kuchomekea nyaya za diski? Kifaa chake cha kugawia umeme kina ncha ngapi zilizobaki? Kasha jembamba la kupendeza lenye nafasi ya diski moja litakufunga miguu; kasha pana lenye nafasi nne litakuruhusu kukua. Ni kama msingi wa nyumba: mwenye kutaka vyumba vinne lakini ana fedha za kimoja huchimba msingi wa vinne na kuezeka kimoja.

Asiyeweza kupata kompyuta ya mezani aweza kuanza na kompyuta mpakato ya zamani yenye diski za nje. Kioo chake kikiwa kimepasuka hakina madhara, na betri yake, ikiwa bado nzima, itaishikilia mashine umeme unapokatika. Wapo pia wanaotumia Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyotolewa Uingereza mwaka 2012 kwa ajili ya kufundishia, ambayo hula umeme kidogo sana. Kila njia ina nafasi yake, lakini kwa urahisi wa kuongeza diski tunaipendelea ya mezani.

Programu hazihitaji fedha. Debian, ambayo ilianza mwaka 1993, ni programu huria ya kuendeshea kompyuta, na juu yake huwekwa OpenMediaVault, ambayo humwezesha mwenye ghala kulisimamia akiwa kwenye kompyuta nyingine. Programu huria huruhusu kunakiliwa, kuchunguzwa na kubadilishwa bila kuvunja sheria. Nchi yetu imepata kuonja faida yake: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washirika wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyosema Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu wenye programu waliuacha mlango wazi.

Umeme nao tuupigie hesabu. Kompyuta ya mezani isiyo na kazi nzito yaweza kula wati 40. Ikiwaka mchana na usiku kwa siku 30 itatumia uniti 28.8. Tuseme uniti moja ni shilingi 360: gharama itakuwa shilingi 10,368 kwa mwezi. Lakini hakuna sababu ya kuiwasha mwalimu akiwa amelala. Ikiwashwa saa 6 tu kwa siku, uniti zitakuwa 7.2 na gharama shilingi 2,592. Walimu wanne wakichangia, kila mmoja atatoa shilingi 648.

Namna ya Kulikuza

Katika hatua ya kwanza ghala lina diski mbili. Ya kwanza huhifadhi, na ya pili hupokea nakala ya ya kwanza kila jioni. Hatua hiyo yatosha kwa miaka, na hakuna aibu kubaki hapo.

Diski ya kwanza ikijaa kiasi cha sehemu nne katika tano, ndipo hatua ya pili huanza. Hapa mwanachuo yampasa kujua wazo moja ambalo ni la ajabu kwa urahisi wake. Mwaka 1988 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yaani David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walitoa maandishi yaliyoeleza kwamba diski nyingi za bei nafuu zikipangwa pamoja zaweza kushindana na diski moja kubwa ya gharama. Kwa kuwa diski nyingi huleta hatari nyingi za kuharibika, walieleza pia jinsi ya kuweka taarifa za ziada ili diski moja ikifa yaliyokuwamo yarudishwe.

Siri yake ni hesabu ya kujumlisha. Diski mbili zibebe taarifa, na ya tatu ibebe jumla yake. Ikifa mojawapo kati ya zile mbili, kompyuta huchukua jumla, hutoa iliyobaki, na hupata iliyopotea. Kompyuta hufanya hesabu hiyo kwa tarakimu za sifuri na moja, lakini kanuni ni ile ile ya darasani.

Kwa ghala la mwalimu, ambalo mafaili yake hayabadiliki kila saa, programu huria iitwayo SnapRAID yafaa sana. Huruhusu diski za ukubwa mbalimbali kukaa pamoja, maadamu diski ya jumla isiwe ndogo kuliko iliyo kubwa kati ya zile za taarifa. Hivyo mwalimu aweza kuongeza diski moja moja kadiri ya uwezo wake, bila kubomoa alichokwisha kujenga. Jambo jingine jema ni kwamba kila diski hubaki ikisomeka peke yake ikihamishiwa kompyuta nyingine. Anayenunua diski iliyotumika aombe kwanza iangaliwe kwa programu ionyeshayo saa ambazo imefanya kazi na makosa yaliyokwisha kuandikwa ndani yake. Muuzaji anayekataa uchunguzi huo amekwisha kutoa jibu.

Nakala Tatu

Tahadhari moja yapaswa kusisitizwa. Diski ya jumla humlinda mwalimu dhidi ya kifo cha diski moja, basi. Haimlindi dhidi ya mwizi anayebeba kompyuta nzima, wala moto, wala radi, wala mtoto anayebonyeza kitufe cha kufuta. Diski ikifa, jumla huirudisha. Ghala likiibwa, jumla huibwa pamoja nalo.

Kwa hiyo tunashauri kanuni iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mahali pengine. Kwa mwalimu wa Kibosho, nakala ya tatu yaweza kuwa diski ya nje inayokaa kwa mwalimu mwenzake wa Marangu, na ya yule wa Marangu ikakaa Kibosho. Wakikutana mjini mara moja kwa mwezi, hubadilishana. Nauli ya daladala ndiyo gharama ya bima hiyo.

Umeme ukikatika ghafla wakati diski inaandika, faili laweza kuharibika. Kifaa cha UPS, yaani betri ya kushikilia umeme kwa dakika chache, humpa mwalimu nafasi ya kuifunga kompyuta kwa utaratibu. Mvua za radi zinapokaribia, chomoa waya ukutani. Ghala lisikae sakafuni penye vumbi, wala karibu na jiko la kuni, wala chini ya dirisha lipokealo jua la Januari na Februari.

Ulinzi mwingine ni wa sheria na wa heshima. Alama za mtihani, anwani za wazazi na picha za watoto ni taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, haikumwacha mwalimu pembeni. Taarifa za namna hiyo zikae katika folda yenye neno la siri, na zisigawiwe kwa vishikwambi vyote. Vivyo hivyo, kitabu cha mwandishi hakiwi mali ya ghala kwa sababu tu kimewezekana kunakiliwa; Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 humlinda mwandishi, naye ana watoto wa kulisha kama sisi.

Ghala kama Somo

Hili ni jarida la mbinu za kufundisha, na msomaji ana haki ya kuuliza ghala linamfaidi vipi mtoto wa Darasa la Tatu. Tutatoa mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni wa Hisabati. Mwalimu huwapa wanafunzi watatu vipande vitatu vya karatasi. Wa kwanza huandika namba tano azipendazo, kwa mfano 7, 4, 9, 2, 6. Wa pili huandika 5, 8, 1, 3, 6. Wa tatu hujumlisha kila jozi na kuandika 12, 12, 10, 5, 12. Kisha mwalimu huichukua karatasi ya pili na kuichana mbele ya darasa. Watoto hushtuka. Mwalimu huuliza: "Nani aweza kuturudishia namba zilizochanwa?" Baada ya muda mfupi mikono huanza kuinuliwa, maana wamegundua wenyewe kwamba kutoa ni kujumlisha kunakorudi nyuma. Mwalimu aendelee kuuliza: "Na kama ningechana mbili?" Watajaribu, watashindwa, na watajua kwa nini. Somo hilo halihitaji kompyuta hata moja, bali wamejifunza jinsi ghala linavyofanya kazi.

Mfano wa pili ni wa Kiswahili. Yaliyomo katika intaneti kwa lugha yetu bado ni machache yakilinganishwa na ya Kiingereza, na yanayohusu kijiji cha mtoto huyu karibu hayapo. Zipo programu kama Kiwix, ambayo humwezesha mtu kusoma Wikipedia, pamoja na ile ya Kiswahili, bila intaneti. Na ziwekwe ghalani. Lakini hazina kubwa ni ile ambayo watoto wataizalisha. Wamwendee bibi anayejua mapishi ya mtori na majina ya aina za ndizi, wamrekodi kwa idhini yake, waandike alichosema, wasome darasani, kisha waweke ghalani sauti pamoja na maandishi. Darasa litakalofuata litapata kitabu cha kusoma ambacho hakuna duka linalokiuza.

Mpangilio wenyewe ni elimu. Faili lililoitwa "somo jipya la mwisho" halitapatikana tena. Liitwe kwa somo, darasa, mada na mwaka: "hisabati-darasa3-sehemu-2025". Mwaka usisahauliwe, maana mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, na andalio la kabla ya hapo laweza kuwa zuri kwa mfano wake huku likiwa limepitwa kwa mpangilio wake. Mwalimu anayelichota ajue analichota kutoka wapi.

Hoja za Wanaopinga

Wapo wanaosema kwamba kazi hii ni ya mafundi. Tunawajibu kwamba kufunga diski ni skrubu nne na nyaya mbili, na kwamba mwalimu aliyeweza kujifunza kufundisha kusoma, kazi iliyo ngumu kuliko zote shuleni, hawezi kushindwa na skrubu. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitutaka tuunganishe kichwa na mikono. Shamba la shule lilikuwa njia moja. Hii ni nyingine.

Wapo wanaosema kwamba kampuni za nje hutoa nafasi ya kuhifadhi katika intaneti bila malipo. Ni kweli, na nafasi hiyo yaweza kuwa mojawapo ya zile nakala tatu. Lakini bila malipo ina mipaka yake, kila kuchota huhitaji bando, na masharti yaweza kubadilishwa na watu ambao hawatatuuliza.

Hoja ya tatu ni nzito kuliko hizo, nayo ni ya umaskini. Yako madarasa ambayo watoto watatu husoma kitabu kimoja, na mwalimu hununua chaki kwa mshahara wake. Je, ni haki kuzungumzia diski hapo? Tunakiri kwamba ipo mipaka. Shule isiyo na umeme wa kutegemewa, au mwalimu ambaye bado hajapata kitanda, asianze na ghala. Nasi hatumshauri mtu yeyote akope kwa ajili ya kompyuta. Ndiyo maana tumesisitiza umoja wa walimu wanne na ujenzi wa hatua kwa hatua. Lakini umaskini ndio unaotulazimisha kuhifadhi. Tajiri aliyepoteza zana hununua nyingine. Mwalimu aliyetumia usiku tatu kutunga mazoezi ishirini hawezi kuzinunua tena zile usiku tatu, na watoto waliokusudiwa ndio watakaolipa kwa kupewa mazoezi mabovu yaliyotungwa kwa haraka asubuhi.

Hitimisho

Ndugu mwanachuo, hatukuambii usubiri siku utakapokuwa na nyumba na mshahara. Yapo mambo matatu yanayowezekana kabla hujaondoka chuoni. Kwanza, kusanya kazi zako zote, zipe majina yanayoeleweka, na uziweke mahali pawili. Pili, tafuta wenzako watatu mtakaokuwa wilaya moja au wilaya jirani, mkubaliane nani atashika nakala ya nani. Tatu, omba kuiacha nakala moja ya kazi hizo katika maktaba ya chuo, ili atakayekuja nyuma yako aanzie ulipofikia.

Ukisha kupangiwa kituo, anza na kompyuta moja ya mtumba na diski mbili. Katika vikao vya mafunzo endelevu ya walimu kazini, yale yanayojulikana kama MEWAKA, waonyeshe wenzako lilipo ghala na namna ya kuchota. Na umwekee sharti kila anayechota: naye aweke kitu. Haba na haba hujaza kibaba, wahenga walisema; nasi twaongeza kwamba kibaba kiwe viwili, na cha pili kikae kwa jirani.